Bibi Käthe Kollwitz: Mchoraji Aliyemlilia Mwanawe kwa Miaka Kumi na Minane

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii twaisikia mara nyingi matangani, lakini ni wachache mno duniani waliopata kuidhihirisha kwa kazi ya mikono yao kama alivyofanya mwanamke mmoja wa Ujerumani, Bibi Käthe Kollwitz, aliyeishi tangu mwaka 1867 hadi mwaka 1945. Bibi huyu alikuwa mchoraji, mchapaji wa picha na mchongaji wa sanamu. Mumewe alikuwa daktari wa watu maskini. Mwanawe wa pili alikuwa askari wa kujitolea, akauawa vitani akiwa na umri wa miaka 18. Na ruhusa ya kwenda vitani kijana yule aliipata kwa sababu mama yake mwenyewe alimwombea kwa baba.

Kwa ajili hiyo habari za Bibi Kollwitz zinastahili kusomwa katika kila nyumba ambamo kofia ya askari hutundikwa ukutani. Huenda msomaji akauliza: Picha za Mjerumani wa zamani zatuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba vita vilivyomwua kijana huyo ndivyo hivyo hivyo vilivyofika Afrika ya Mashariki. Kijana aliuawa mwezi Oktoba 1914 huko Ubelgiji. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana Tanga. Hata jina la Kariakoo la mjini Dar es Salaam ni ukumbusho wa wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo, na maelfu yao hawakurudi makwao. Mama zao nao walilia, ila hawakupata mchoraji wa kukiandika kilio chao.

UTOTO NA MASOMO

Käthe Schmidt, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 8 Julai 1867 katika mji wa Königsberg. Siku zile mji huo ulikuwa wa Prussia ya Mashariki; leo ni mji wa Urusi nao unaitwa Kaliningrad. Baba yake, Karl Schmidt, alikuwa amesomea sheria, lakini kwa kuwa fikira zake za siasa hazikupatana na serikali ya wakati ule, aliacha sheria akashika kazi ya uashi na ujenzi wa nyumba. Babu yake mzaa mama, Julius Rupp, alikuwa mchungaji aliyefukuzwa katika kanisa la serikali akaanzisha ushirika wake huru. Basi binti huyu alikulia katika nyumba ya watu walioona kwamba mtu hana budi kulitii neno aliaminilo, hata kama atapata hasara kwa ajili yake.

Baba aligundua mapema kwamba binti yake ana kipaji cha kuchora. Badala ya kusema kwamba kazi ya msichana ni jikoni, alimtafutia mwalimu, naye alikuwa fundi wa kuchora juu ya shaba. Vyuo vya sanaa vya serikali vya Berlin na Munich havikuwapokea wanawake katika siku hizo, hivyo ilimbidi Käthe asome katika shule za sanaa za wanawake, kwanza Berlin, kisha Munich. Nia yake ya mwanzo ilikuwa kuwa mchoraji wa picha za rangi. Lakini mwalimu wake wa Berlin, Karl Stauffer-Bern, alipoitazama michoro yake aliona kwamba nguvu ya msichana huyu iko katika mstari, si katika rangi. Akamwelekeza azisome picha za kuchapa za Max Klinger, fundi mashuhuri wa zama hizo. Käthe alikubali shauri hilo, na tangu hapo weusi wa wino na weupe wa karatasi vikawa ndiyo lugha yake.

Mwaka 1891 aliolewa na Daktari Karl Kollwitz. Bwana huyu alikuwa daktari wa mfuko wa bima ya wafanyakazi katika mtaa wa makabwela upande wa kaskazini wa Berlin. Walihamia katika nyumba ya ghorofa pembeni mwa barabara, wakakaa humo kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1892 walimpata mtoto wao wa kwanza, Hans, na mwaka 1896 wakampata Peter.

Chumba cha kutibia wagonjwa kilikuwa karibu na maskani yao. Kila siku Bibi Kollwitz aliwaona wanawake wakingoja zamu yao: mwenye mtoto mwenye homa, aliyepigwa na mume mlevi, aliyefiwa na mume akaachiwa watoto bila posho. Wengi hawakuja kwa dawa tu; walikuja kumwambia mke wa daktari shida zao. Yeye aliwasikiliza, na nyuso zao zikaingia katika picha zake. Baadaye alieleza kwamba mwanzoni aliwachora wafanyakazi kwa sababu aliona uzuri katika maumbile na mienendo yao; uchungu wa maisha yao aliujua barabara baada ya kukaa nao jirani.

KUCHAPA PICHA NI KAZI GANI?

Hapa yafaa tueleze kazi hii ya kuchapa picha, maana wengi hudhani kwamba mchoraji ni lazima awe mtu wa brashi na kopo la rangi.

Mchoraji wa rangi hutoa picha moja tu. Picha hiyo hununuliwa na tajiri mmoja, ikaning'inizwa katika sebule moja. Mchapaji wa picha hutengeneza bamba, jiwe au ubao, na kutoka hapo huweza kutoa nakala nyingi, tena kila nakala ni kazi halisi ya mkono wake. Kwa hiyo bei huwa nafuu, na picha huweza kufika hata kwa mtu wa kima cha chini. Bibi Kollwitz aliipenda njia hii kwa sababu hiyo. Katika maisha yake alitengeneza picha za kuchapa zipatazo 275, na alitumia njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni ya bamba la madini. Bamba la shaba au zinki hupakwa nta nyembamba. Mchoraji huchora kwa sindano akiikwangua nta, kisha bamba hutiwa ndani ya tindikali. Tindikali hula madini mahali palipokwanguliwa tu, ikaacha mifereji midogo. Nta ikiisha kuondolewa, wino husuguliwa mpaka uingie katika mifereji hiyo, na uso wa bamba hufutwa. Mwishowe karatasi yenye unyevu huwekwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa katika mtambo wenye magurudumu mazito. Karatasi huufyonza wino kutoka mifereji, na picha hutokea.

Njia ya pili ni ya jiwe. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini la chokaa. Maji na mafuta havipatani. Jiwe likiloweshwa, wino hushika palipochorwa tu, na pengine pote hubaki peupe.

Njia ya tatu ni ya ubao, nayo ndiyo rahisi kueleweka, kwa kuwa ni sawa na muhuri wa ofisini. Fundi huchonga kwa patasi na kuondoa sehemu zote asizotaka zionekane. Zile zilizosalia juu hupakwa wino. Mzazi aweza kuwaonyesha watoto wake jambo hili kwa kiazi: akikate katikati, achonge nyota kwa kisu kidogo, akipake wino na kukigandamiza juu ya karatasi. Watoto wataona mara moja kwamba kila kinachokatwa hubaki cheupe, na kila kinachoachwa hutoka cheusi. Tena picha hutoka imegeuzwa, wa kushoto akawa wa kulia.

KAIZARI AKATAA NISHANI

Mwaka 1893 Bibi Kollwitz alitazama mchezo wa kuigiza uliotungwa na Gerhart Hauptmann kuhusu wafuma nguo wa jimbo la Silesia. Watu hao waliasi mwaka 1844 kwa sababu ya ujira mdogo na njaa. Mchezo ule ulimshika moyo hata akaacha kazi nyingine zote. Kwa muda wa miaka minne alitengeneza picha sita, tatu za jiwe na tatu za bamba, zionyeshazo habari ile tangu mtoto anayekufa kwa njaa katika chumba chenye mtambo wa kufumia, hadi maiti zinapoletwa nyumbani mwishoni.

Picha hizo zilionyeshwa mwaka 1898 katika maonyesho makubwa ya sanaa mjini Berlin. Waamuzi, akiwamo mchoraji mzee Adolph Menzel, walipendekeza apewe nishani ndogo ya dhahabu. Kaizari Wilhelm II akakataa. Mwaka uliofuata, mji wa Dresden ulimpa nishani yake. Tangu hapo jina la Käthe Kollwitz likajulikana Ujerumani nzima.

Baada ya hayo alitengeneza picha saba juu ya vita vya wakulima vya miaka ya 1524 na 1525, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 1908. Mojawapo yastahili kutajwa hapa. Ni usiku katika uwanja wa mapigano. Mwanamke mzee, mgongo umepinda, ameshika taa akipita kati ya maiti. Mwanga unaangaza mambo mawili tu: mkono wake wenye mishipa iliyotokeza, na uso wa kijana aliyekufa anayemgusa kidevuni. Mama anamtafuta mwanawe.

Kabla ya hapo, mwaka 1903, alikuwa amechora mwanamke aliyemkumbatia mtoto wake aliyekufa. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtazama wakati wa kuchora, alikaa mbele ya kioo akiwa amempakata mwanawe Peter, aliyekuwa na miaka saba. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mama alipoguna kwa uchovu, mtoto alimtuliza akisema kwamba picha itakuwa nzuri. Hakuna aliyejua kwamba miaka 11 baadaye jambo lile lililochorwa kwa kioo lingekuwa kweli.

RUHUSA YA MAMA

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi Agosti 1914, Peter alikuwa safarini Norway pamoja na rafiki zake. Walirudi upesi, na vijana wale wakawa na shauku moja tu: kujiandikisha jeshini. Peter alikuwa na miaka 18. Kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 21, alihitaji kibali cha baba yake.

Daktari Kollwitz alikataa. Alimwambia mwanawe kwamba nchi bado haijamhitaji; ingalimhitaji, ingalimwita. Kijana alijibu kwamba nchi haiwahitaji watu wa rika lake, ila yeye inamhitaji. Halafu akamgeukia mama yake kwa macho ya kumsihi. Mama akasimama, akamwendea mumewe, akamwombea mtoto. Baba akakubali.

Mambo haya twayajua kwa sababu Bibi Kollwitz alikuwa na desturi ya kuandika shajara, na shajara hiyo ilichapishwa baada ya kufa kwake. Tusidhani kwamba alifanya hivyo kwa ujinga au kwa kutompenda mtoto. Siku zile watu wa Ujerumani, kama watu wa nchi nyingine za Ulaya, waliamini kwamba nchi yao inajitetea. Naye aliamini kwamba mtu akiwa na neno moyoni asizuiwe kulitenda, kama babu yake alivyofunza. Alimruhusu mwanawe awe mtu mzima.

Peter aliondoka na kikosi chake kati ya mwezi Oktoba. Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1914 alipigwa risasi karibu na mji wa Diksmuide, Ubelgiji, akafa. Habari iliwafikia wazazi wake tarehe 30 Oktoba. Hans, kaka yake, alirudi vitani akiwa hai.

MIAKA KUMI NA MINANE

Kabla mwaka ule haujakwisha, Bibi Kollwitz alikata shauri kumchongea mwanawe sanamu ya ukumbusho. Katika fikira zake za kwanza sanamu ingemwonyesha Peter amelala, baba kichwani na mama miguuni, nayo ingekuwa ya kuwaheshimu vijana wote waliojitolea. Alifanya kazi miezi na miaka. Alifinyanga, akavunja, akafinyanga tena. Mwaka 1919 aliona kwamba hawezi, akaiweka kazi kando. Lakini aliahidi kwamba atairudia.

Kilichomzuia hakikuwa udongo wala patasi, bali swali. Je, kifo cha Peter kilikuwa sadaka au kilikuwa hasara? Akisema ni sadaka, aliona kwamba anajifariji kwa maneno yale yale yaliyowapeleka vijana wengine kufa. Akisema ni hasara, aliona kwamba anaisaliti imani ya mwanawe, aliyekwenda kwa moyo safi. Katika shajara yake swali hili linarudi tena na tena. Hakulikimbia.

Mwezi Oktoba 1918, Ujerumani ilipokuwa inashindwa, mshairi Richard Dehmel aliwaita watu wajitolee kwa mara ya mwisho. Bibi Kollwitz alimjibu kwa barua iliyochapwa katika magazeti. Alisema kwamba waliokufa wanatosha, na kwamba asianguke tena hata mmoja, maana vijana ni mbegu, na mbegu ya kupanda haipelekwi kinuni. Hakumtukana askari yeyote. Alisema kama mkulima asemavyo juu ya ghala lake, naye alikuwa ndiye mama aliyelipa kwanza.

Ilimchukua miaka mingine kadhaa kurudia sanamu. Mwaka 1926 yeye na mumewe walikwenda Ubelgiji kwenye makaburi ya Roggevelde alikozikwa Peter. Huko alipata kuona namna kazi inavyotakiwa iwe. Aliiondoa kabisa sura ya mwanawe. Wakabaki wazazi wawili, kila mmoja juu ya jiwe lake, wamepiga magoti. Baba amejikumbatia kwa mikono, mgongo umenyooka, akijizuia asilie. Mama ameinama mbele, kichwa chini. Nyuso ni za Karl na Käthe wenyewe. Hakuna bendera, hakuna malaika, hakuna bunduki.

Kazi ilikamilika mwaka 1931, mafundi wakaichonga katika mawe ya Ubelgiji, nayo ikasimamishwa makaburini mwezi Julai 1932. Ilikuwa imepita miaka 18 kasoro miezi michache. Katika miaka ya 1950 makaburi madogo ya Wajerumani yalikusanywa pamoja, na sanamu zikahamishiwa Vladslo. Wamelala hapo zaidi ya askari 25,000, na jina la Peter Kollwitz limeandikwa pamoja na majina mengine juu ya jiwe lililolala mbele ya wazazi wake. Mzazi yeyote afikapo mahali pale aweza kupiga magoti kando yao bila kuulizwa ni wa taifa gani.

VITA BILA BUNDUKI

Tukirudi nyuma kidogo, katika miaka ile ambayo sanamu ilimshinda, Bibi Kollwitz hakukaa bure. Mwaka 1919 alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, akapewa cheo cha profesa. Mwaka 1920 aliziona picha za ubao za Ernst Barlach, akatambua kwamba patasi na ubao vitamfaa kwa kusema yale ambayo sindano na jiwe vilishindwa kuyasema. Matokeo yake ni picha saba za ubao juu ya vita, zilizotolewa mwaka 1923.

Ajabu ya picha hizo ni kwamba hazionyeshi mapigano. Ya kwanza yamwonyesha mama akiinua mtoto mchanga kama sadaka. Ya pili ni ya vijana wa kujitolea wakimfuata Mauti apigaye ngoma; aliye karibu naye kabisa ni Peter. Ya tatu ni wazazi wawili waliokumbatiana kwa huzuni hata wakawa kama lundo moja. Wapo wajane wawili, mmoja mja mzito aliyejishika kifua kwa mikono mikubwa. Wapo akina mama waliojikusanya kama boma, watoto wakichungulia katikati. Ya mwisho ni ya umma, na humo mwanamke amemficha mtoto katika vazi lake.

Mwaka 1924 mchoraji mwingine wa Ujerumani, Otto Dix, aliyekuwa askari wa bunduki ya rashasha katika vita hivyo, alitoa picha 50 za bamba zionyeshazo mahandaki, gesi na maiti. Kila mmoja alichora alichokijua. Askari alichora mahali alipokuwa. Mama alichora nyumbani. Anayetaka kuvijua vita vile kwa ukamilifu hana budi kuzitazama kazi zote mbili, kwa kuwa kila kitanda kitupu cha kambini kina chumba kitupu nyumbani.

Vile vile Bibi Kollwitz alitoa kazi yake kwa matangazo ya ukutani. Mwaka 1920 alichora kwa ajili ya watoto wenye njaa wa Vienna, mwaka 1921 kwa ajili ya wenye njaa wa Urusi, na baadaye kwa ajili ya watoto wa Ujerumani yenyewe. Tangazo lake la mwaka 1924, la kijana aliyeinua mkono akiapa kwamba vita visirudi tena, limejulikana pote duniani. Nchini Uchina mwandishi Lu Xun alizitangaza picha zake, na mwaka 1936 akatoa kitabu chake. Vijana wengi wa huko walijifunza uchongaji wa picha za ubao kwa kuzitazama.

SIKU ZA MWISHO

Chama cha Nazi kilipotwaa madaraka mwaka 1933, Bibi Kollwitz alilazimishwa kujiuzulu katika Akademia, kwa kuwa alikuwa ametia sahihi tangazo la kuwataka wapinzani wa chama hicho waungane. Mwaka 1936 askari wa siri walifika nyumbani kwake wakamhoji na kumtisha kwamba atapelekwa katika kambi ya mateso. Kazi zake ziliondolewa katika maonyesho. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Aliweza kuhama nchi, lakini alibaki, akiendelea kuchora na kufinyanga kimya kimya.

Mumewe alifariki mwezi Julai 1940. Muda mfupi baadaye, vita vya pili vikiwa vimepamba moto, alichora picha yake ya mwisho ya jiwe. Bibi kizee amewafunika wavulana watatu kwa joho lake, mikono yake imetanda juu yao kama mbawa za kuku. Wavulana wanachungulia, mmoja anaona raha, kama anayetaka kutoka akacheze. Bibi hamwachii. Jina la picha ni lile neno la mbegu ya kupanda aliloliandika mwaka 1918.

Mjukuu wake wa kwanza, mwana wa Hans, alikuwa amepewa jina la Peter kwa ajili ya baba mdogo aliyekufa. Kijana huyo naye alikuwa askari, akauawa Urusi mwezi Septemba 1942. Jina moja, nyumba moja, vita viwili. Mwaka 1943 bibi alihamishwa kutoka Berlin kwa sababu ya mabomu, na mwezi Novemba mwaka huo huo nyumba aliyokaa kwa miaka zaidi ya 50 ikateketea pamoja na kazi zake nyingi. Alikufa Moritzburg karibu na Dresden tarehe 22 Aprili 1945, siku 16 kabla ya vita kwisha katika Ulaya.

Leo mtaa wake wa Berlin unaitwa kwa jina lake, na yako majumba ya kuhifadhia kazi zake katika miji ya Köln na Berlin. Tangu mwaka 1993, katika ukumbi wa Neue Wache mjini Berlin, mahali pa taifa pa kuwakumbuka wahanga wa vita na utawala wa mabavu, pamewekwa nakala kubwa ya sanamu yake ya mama aliyempakata mwanawe aliyekufa. Nchi iliyomnyima nishani, kisha ikamtisha, imeweka kazi yake mahali inapoomboleza.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Ndugu msomaji, kazi ya ulinzi ni ya heshima, na nchi isiyo na walinzi ni kama nyumba isiyo na mlango. Bibi Kollwitz hakuwadharau waliovaa sare. Mwanawe na mjukuu wake walikuwa miongoni mwao. Alichokikataa ni desturi ya kuwapongeza wafiwa kwa maneno makubwa, halafu kuwaacha peke yao na chumba kitupu. Mzazi aliyepoteza mtoto kazini haambiwi ajikaze kwa kuwa mtoto alikufa kishujaa. Ushujaa ni wa mtoto. Huzuni ni ya mzazi, nayo ina haki ya kuchukua muda wake, ikiwa ni siku 40, ikiwa ni miaka 18.

Na kijana akija mbele ya wazazi wake akitaka kujiandikisha, wakae chini wote watatu. Baba aseme lake, mama aseme lake, kijana asikilizwe. Daktari Kollwitz alikuwa na hoja, na Bibi Kollwitz alikuwa na hoja. Hata baada ya msiba hawakunyosheana vidole. Walisafiri pamoja hadi kaburini, na katika jiwe wanapiga magoti wote wawili, bega kwa bega, kila mmoja na uchungu wake.

Picha za Bibi Kollwitz zimo katika vitabu vingi vya sanaa. Msomaji akipata nafasi ya kuingia maktaba, na amwombe mtunzaji amwonyeshe. Azitazame mikono kwanza, kabla ya nyuso. Katika picha zake nyingi mikono ni mikubwa kupita kiasi cha mwili, kwa kuwa ndiyo inayofua, ndiyo inayobeba mtoto, na ndiyo inayomfunika macho anapolala kwa mara ya mwisho.